Muulize Mjomba: "Babu yao alikuwa wakili Ireland, nianzie wapi?"

SWALI: Mjomba shikamoo, pole na majukumu. Mimi ni mtu wa Tanga ila naishi Limerick, Ireland, nimeolewa huku. Mama mkwe wangu ana Biblia ya zamani sana, ndani ya jalada kuna jina la babu yao mmoja limeandikwa kwa wino, chini yake "Attorney, Ennis, 1834" (Ennis ni mji wa jimbo la Clare), basi hamna kingine. Yeye anataka kujua huyo babu alitoka wapi manake jina lao la ukoo ni la kawaida mno huku, ukilitaja barabarani wanageuka watu kumi. Mimi ndo nimepewa kazi kwa sababu eti najua kompyuta. Nimegugo nikakuta mambo ya London, mambo ya Dublin, mara rekodi zimeungua, nimechanganyikiwa. Nisaidie. (Msomaji, Limerick)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza hongera kwa kupata mama mkwe anayekushirikisha mambo ya ukoo, wengine wanafichwa hata jina la mbwa.

Sasa kabla hujafungua tovuti nyingine yoyote rudi kwenye Biblia uliangalie tena hilo neno "Attorney" lililoandikwa pale, manake limeshakuokolea nusu ya kazi na hujajua. Ireland ya wakati ule ilikuwa na mawakili wa aina mbili na walisomeshwa kwa njia mbili tofauti kabisa, wakaacha karatasi tofauti. Kuna barista (sio yule wa kahawa), huyu ndo anavaa wigi anasimama mbele ya jaji anaongea. Halafu kuna atoni, ndo hiyo "Attorney" ya kwenye Biblia, huyu ndo anakaa na mteja, anaandika hati za ardhi, anafungua kesi, anapokea pesa, anamtafutia mteja barista. Ukiwa kwenye mahakama ya Chancery (ya mambo ya amana na mirathi) mtu wa kazi hiyo hiyo ya atoni aliitwa solisita, na baada ya mahakama kupangwa upya mwaka 1877 wote wakawa masolisita, jina la atoni likafa. Watu wengi wanaotafuta babu wakili huko wanatafuta barista kwa sababu ndo aina yenye sifa, wanazunguka mwaka mzima kwenye rejista ambazo babu yao hawezi kuwemo.

Yale mambo ya London uliyokutana nayo ni ya mabarista. Kulikuwa na sheria ya mwaka 1542 iliyomtaka Mwairishi anayetaka kuwa barista kwao akasome kwanza Uingereza kwenye vile vyuo vyao vya mawakili vinne, Lincoln's Inn, Gray's Inn, Middle Temple na Inner Temple, na sharti hilo halikuondolewa hadi 1885. Na kusoma kwenyewe kwa muda mrefu kulikuwa kichekesho, mahudhurio yako yalihesabiwa kwa chakula cha jioni, yaani ukila idadi fulani ya milo ukumbini kwenye muhula basi muhula umehesabika, hata kama kitabu hujakigusa, ni kama ungepewa digrii ya sheria kwa kuhudhuria ubwabwa wa harusi. Lakini milo hiyo iliandikwa, na kujiunga kuliandikwa, na rejista zile za London nyingi zilishachapwa. Wolfe Tone yule mwanamapinduzi yumo, alijiunga Middle Temple 1787. Edmund Burke, yule mwanafikra na mbunge, yumo, 1747, ingawa uwakili wenyewe hakuumaliza.

Wa kwenu hayumo. Atoni hakwenda London, alikuwa mwanagenzi. Anafungwa kwa mkataba kwa atoni mzoefu miaka mitano, ananakili hati mpaka vidole vinakufa ganzi, anatumwa mahakamani, akimaliza anaapishwa. Kwa hiyo funga kurasa zote za London, usiziangalie tena.

Unapopaswa kwenda ni King's Inns, Dublin. Hii ni jumuiya ya wanasheria iliyoanza 1541 wakati wa Henry VIII, na kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba maatoni nao walitakiwa kuwa wanachama wake, hawakutoka hadi 1866. Kila aliyetaka kuingia, awe barista awe mwanagenzi wa atoni, alipeleka maombi ya maandishi, na makaratasi hayo ya maombi yamebaki mengi sana. Mwaka 1982 Irish Manuscripts Commission (tume ya Ireland inayochapisha nyaraka za kale) walitoa kitabu kinene chenye muhtasari wake, King's Inns Admission Papers 1607–1867, kimepangwa kwa alfabeti, na wamekiweka mtandaoni bure kama pidiefu. Anza hapo, leo leo.

Utakachokuta ni mistari miwili mitatu kwa kila mtu, imebanwa kwa vifupisho kama tangazo la gazeti la zamani. Utaambiwa huyu ni mtoto wa kiume wa ngapi wa nani, baba anakaa wapi na anafanya kazi gani, kama baba ni marehemu itasemwa, na mara nyingi, hapa ndo nataka ukae vizuri, utaambiwa jina la mama pamoja na ukoo wake alikozaliwa. Kwa atoni utaona pia jina la bwana aliyemfundisha. Umri wanasema tu "zaidi ya miaka 16" kwa sababu kanuni ndo ilitaka hivyo, usije ukaandika kwenye mti wa ukoo kwamba alikuwa na 16, anaweza kuwa na 19. Herufi H, E, T na M zilizo mbele ya mwaka ni mihula: Hilary, Easter, Trinity, Michaelmas, yaani kuanzia Januari mpaka Novemba kwa mpangilio huo.

Jina la ukoo la mama ni dhahabu. Ireland ya miaka ile ya 1810 kurudi nyuma, mtu wa kawaida hana cheti cha kuzaliwa, serikali haikuanza kuandikisha vizazi vyote na vifo mpaka 1864, na sensa za 1821 hadi 1851 karibu zote ziliungua. Kupata mama wa mtu aliyezaliwa kabla ya 1815, tena na ukoo wake, kwa mistari miwili bure kabisa, wenye mababu wakulima wangeuza mbuzi wapate hicho kitu. Na ukishakuwa na baba, mama na mji, hilo jina lenu la watu kumi linabaki la mtu mmoja.

Piga hesabu kidogo. Kama 1834 tayari anajiita atoni, na uanagenzi ni miaka mitano, basi mkataba wake ni wa 1829 au kabla, na kama wakati wa kuingia alishapita 16 basi kazaliwa 1813 au kabla. Ila 1834 inaweza kuwa mwaka aliopewa Biblia, au alioa, usiuchukue kama mwaka wa kuapishwa. Tafuta kwenye kitabu kuanzia 1815 hivi hadi 1834.

Na usishangae ukikuta wanne wenye jina moja. Chukua mtu maarufu kuliko wote, Daniel O'Connell wa Kerry, yule aliyewapigania Wakatoliki wakapata haki ya kuingia bungeni 1829. Alijiunga Lincoln's Inn 1794, akahamia King's Inns, akaapishwa 1798. Sasa, baba yake mdogo aliyekuwa jenerali kwenye jeshi la Ufaransa naye ni Daniel O'Connell, na kitindamimba wake mwenyewe naye ni Daniel O'Connell. Tena aliyemlea na kumlipia masomo ni baba yake mkubwa Maurice, kwa hiyo ukiwa umesikia nyumbani kwamba "baba yake" ni Maurice utampita mtu wako unamuona, manake karatasi inamtaja baba mzazi, Morgan. Kwa hiyo linganisha baba na mahali, jina peke yake liache, na waulize wazee kama kuna mtoto aliyelelewa kwa ndugu.

Kuna suala la dini pia, mwulize mama mkwe taratibu. Kwa karibu karne nzima ya 18 Mkatoliki hakuruhusiwa kuwa barista wala atoni, mlango ulifunguliwa 1792. Aliyetaka kazi hiyo kabla ya hapo alibadili dini, na waliobadili waliandikwa kwenye orodha maalum za 1703 hadi 1838 ambazo nazo zimechapwa. Ilifika mahali sheria ikamtaka aliyebadili awe ameshakaa miaka miwili kwenye Uprotestanti ndo aruhusiwe kufanya kazi ya sheria, walishaona watu wanabatizwa Jumatatu wanafungua ofisi Jumanne. Babu yenu wa 1834 hana tatizo hilo, ila babu yake anaweza kuwa nalo kama ukoo ni wa wanasheria, na familia nyingi zina upande mmoja Katoliki upande mwingine Protestanti kwa sababu hiyo hiyo na hawajui ilianzia wapi. Kama ni Wakatoliki, vitabu vya parokia hadi karibu 1880 vimewekwa mtandaoni bure na Maktaba ya Taifa ya Ireland, ni picha za kurasa zenyewe, mwandiko wa mapadri wengine Mungu ndo anajua.

Ukishampata kwenye King's Inns unaendelea wapi? Mimi ningekimbilia Registry of Deeds, ofisi ya hati za ardhi iliyoanza 1708 na kwa miaka mingi imekaa Henrietta Street, Dublin, jirani kabisa na King's Inns. Kule kuna muhtasari wa hati za mauzo, rehani, ukodishaji wa muda mrefu, mahari za ndoa, na kila muhtasari una mashahidi waliosaini. Sasa nani alikuwa anaitwa kushuhudia? Karani wa atoni na mwanagenzi wake, wapo pale mezani, kalamu iko mkononi. Kwa hiyo kijana wako anaweza kuonekana anasaini kama shahidi kwenye hati za bwana wake miaka minne kabla hajaapishwa, na anwani yake imeandikwa. Mara nyingi bwana mwenyewe ni mjomba wa kijana au mume wa shangazi, kwa sababu mkataba ulikuwa na gharama na watu walipeana kwa undugu, so jina la bwana nalo lifuatilie kama ndugu mpaka uthibitishe sio. Filamu za vitabu hivyo zipo FamilySearch (tovuti ya kutafuta ukoo) bure, na kuna watu wa kujitolea wanatengeneza indeksi ya majina yote, mashahidi wakiwemo, maana indeksi ya serikali yenyewe mashahidi haiwataji.

Vitabu vya anwani vya Dublin vina orodha za mawakili mwaka kwa mwaka, Thom's kuanzia 1844. Maatoni wa mikoani mara nyingi wana anwani mbili, ya kwao Ennis na ya Dublin kwa ajili ya mihula ya mahakama. Mwaka jina linapotoweka, ndo unaanza kutafuta kifo kwenye magazeti ya Clare na Limerick.

Ukipata jina la mama wa babu niandikie, nami nina hamu.


SWALI: Mjomba, mimi niko Mombasa. Kwetu inasemekana babu mzaa nyanya yetu alikuwa hakimu wa Kiingereza pwani huku kabla ya vita vya kwanza, lakini nyanya alikuwa akisisitiza kwamba "si Mwingereza, ni Mwairishi". Aliondoka, nyanya akabaki na mamake. Tuna jina lake la ukoo na jina la kwanza tu. Nimesoma kwamba rekodi zote za Ireland ziliungua mwaka 1922. Ndiyo basi tena? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Sio basi, na hilo la kuungua linazidishwa sana. Kilichotokea ni kwamba mwisho wa Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vinaanza, jengo la mahakama la Four Courts pale Dublin lilipigwa mizinga na kulipuka, na nyaraka za taifa zilikuwa ndani ya uzio huo huo. Zikaondoka wosia, sensa, vitabu vingi vya kanisa la Kiprotestanti, kumbukumbu za mahakama za mamia ya miaka. Ni msiba kweli. Lakini King's Inns walikuwa na maktaba yao na makaratasi yao kwenye jengo lao wenyewe, hawakuwa wamepeleka kule, kwa hiyo ya wanasheria yakapona. Hata kitabu chao cha kwanza cha kumbukumbu, Black Book, kinachoanzia 1607, kipo. Na tangu 2022 kuna mradi wa Virtual Record Treasury unaokusanya nakala za vilivyoungua kutoka maktaba za nchi nyingine na kuviweka mtandaoni.

Wewe lakini usianzie Ireland, anzia hapo hapo pwani. Gazeti rasmi la serikali ya East Africa Protectorate (ndo iliyokuja kuwa Kenya) lilianza 1899 na matoleo yake ya zamani yapo mtandaoni yanatafutika kwa neno. Humo utaona fulani kateuliwa hakimu kituo fulani, kaenda likizo, karudi, kahamishwa. Andika tarehe za likizo na za kuhama halafu zilinganishe na mwaka aliozaliwa nyanya, utaona kama hadithi inakaa au haikai.

Hapo kuna mtego. "Hakimu" wa wakati ule si lazima awe amesomea sheria. Maafisa wa wilaya walipewa mamlaka ya uhakimu kwa cheo chao tu, asubuhi anakusanya kodi ya kibanda mchana anahukumu. Kama mtu wenu alikuwa wa aina hiyo, King's Inns hutampata hata ukeshe. Kujua yupi ni yupi tafuta kitabu cha serikali ya Uingereza kinachoitwa Colonial Office List kilichokuwa kinatoka kila mwaka, nyuma kina wasifu mfupi wa maafisa, mistari minne mitano: kasoma wapi, kaapishwa uwakili chuo gani mwaka gani, katumikia wapi na wapi. Ukiona ametajwa kuapishwa Ireland, ndo uende kwenye kitabu cha Kenneth Ferguson kilichotoka 2005 kuhusu mabarista wa King's Inns kuanzia 1868 hadi 2004, kinaendeleza pale kile cha King's Inns Admission Papers nilichomtajia msomaji wa Limerick kilipoishia. Usisahau kwamba baada ya 1885 hawalazimiki tena kupita London, kwa hiyo kutomuona kwenye rejista za London hakumaanishi chochote, na kumuona pia hakumfanyi Mwingereza.

Na nyanya alikuwa na haki ya kusisitiza, Waairishi walikuwa kwenye mahakama zetu wengi tu. Joseph Sheridan, mtu wa Mayo, alikuwa Jaji Mkuu wa Tanganyika halafu wa Kenya miaka ya 1930.

Ukishajua alikozaliwa, sensa za Ireland za 1901 na 1911 ziko bure kwenye tovuti ya National Archives ya Ireland. Yeye mwenyewe hatakuwemo kama alikuwa huku, ila wazazi na wadogo zake utawaona wamepangwa kwenye fomu na umri, dini, nani anajua kusoma, na saini ya baba chini. Kipimo cha DNA nacho siku hizi kinasaidia hasa kama bado yupo mtoto wa nyanya aliye hai, yeye ndo apime kwanza kabla yako. Wakijitokeza ndugu wa kule, barua ya kwanza iwe fupi, waambie jina na miaka, lile la mama yake nyanya kuachwa lisubiri barua ya tatu. Wengine hawajawahi kusikia kwamba babu yao alifika Mombasa.


SWALI: Mjomba, bibi yangu wa kizungu upande wa mama (familia ya Cork) alisema shangazi yake alikuwa mwanasheria Dublin "tangu zamani za Malkia Victoria". Inawezekana? (Msomaji, Toronto)

JIBU: Haiwezekani. Victoria alikufa 1901 na wanawake hawakuruhusiwa mpaka sheria ya 1919 ilipoondoa kizuizi. Wa kwanza kuapishwa mabarista Ireland ni Frances Kyle na Averil Deverell, wote siku moja, 1 Novemba 1921. Upande wa masolisita ni Mary Dorothea Heron, 1923, na mwaka huo huo Helena Early. Shangazi wa bibi anaweza kuwa alifanya kazi kwenye ofisi ya wakili, kupiga chapa na kunakili hati, wasichana wengi waliingia huko mwanzoni mwa karne ya 20, na nyumbani ikawa "anafanya sheria". Mtafute kwenye sensa ya 1911, safu ya kazi itakuambia. Kama aliapishwa kweli itakuwa baada ya 1921: barista utamwona kwenye kitabu cha Ferguson, solisita waulize Law Society of Ireland (chama cha masolisita), wao ndo walipewa usimamizi wa mafunzo ya masolisita tangu 1898. Waandikie na jina lake kabla hajaolewa, la mume peke yake halitasaidia.